Kidonge cha Dharura na Hoja ya "Kuua Mtoto"

Miongoni mwa masuala yanayoweza kumfikia imamu yeyote wa Musoma, Bunda au Butiama ni hili: mke amekutana na mumewe bila kinga, au kondomu imepasuka, naye ana mtoto mchanga au amejifungua karibuni kwa upasuaji. Je, yafaa ameze kidonge cha dharura cha kuzuia mimba? Jibu linalorudiwa na wengi ni kwamba kidonge hicho kinaua mtoto, basi ni haramu. Tunaiheshimu nia ya wasemao hivyo, kwani kuilinda roho ni katika makusudio ya Sharia. Lakini hoja yenyewe haisimami, si kwa tiba wala kwa fiqhi.

Maulamaa wetu wametufundisha kuwa hukumu ya jambo hufuata kulielewa kwake. Basi tuanze na tiba. Kidonge ambacho wengi wanakijua kwa jina la P2 kina dawa ya levonogestreli, jumla yake miligramu 1.5, nacho humezwa mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72. Kazi yake ni kuzuia au kuchelewesha yai lisitoke. Mbegu za kiume zaweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5 zikilisubiri yai, na dawa hufanya kazi katika muda huo wa kusubiri. Mimba ikishatunga, haiitoi wala haiidhuru. Anayeichanganya na misoprostoli, dawa ambayo huweza kutumika kutoa mimba, amehukumu kitu kwa jina la kingine.

Ama fiqhi, Jabir (r.a.) amepokewa katika Bukhari na Muslim akieleza kuwa Maswahaba walikuwa wakifanya azli, yaani kumwaga nje, katika zama za kuteremka Qur'an. Ni kweli ipo hadithi ya Judama bint Wahb (r.a.) katika Sahihi Muslim inayoifananisha azli na kuzika kwa siri, na Ibn Hazm akaishika kuwa dalili ya uharamu. Lakini jamhuri ya maulamaa hawakuiharamisha. Waliokemea waliishia kwenye karaha. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), naye ni wa madhehebu ya Shafii inayofuatwa na wengi wetu, ametenganisha azli na kutoa mimba. Kwake yeye, kosa huanza pale maji ya mume yanapochanganyika na ya mke tumboni, kisha huzidi uzito kadiri mimba inavyokua. Huo ni mpaka mkali, kwani wapo Mahanafi walioruhusu kutoa mimba kabla ya siku 120. Na hata kwa mpaka huo mkali, kidonge hiki hakijauvuka: yai lisipotoka, hakuna kilichochanganyika.

Hatusemi haya ili kufungua mlango wa uchafu. Kidonge hakihalalishi zina, hakikingi UKIMWI, wala si njia ya kutumiwa kila mara. Mke na mume washauriane, kwani maulamaa wengi walishurutisha ridhaa ya mke katika azli. Na aliyezini aitwe kwenye toba. Lakini kumnyima kidonge hakuifuti zina yake. Huenda kukamsukuma baadaye kwenye kutoa mimba ya kweli, jambo lile lile tunalolikimbia.

Uzito zaidi uko kwa aliyebakwa. Huyo hana dhambi ya kuulizwa. Saa 72 hizo hizo ndizo pia mpaka wa kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, kwa hiyo aharakishwe hospitali, asiketishwe kwenye kikao cha wazee. Fikiria mwanamke wa kijijini Butiama, ambaye huenda akalazimika kusafiri hadi Musoma au Bunda kupata huduma. Akiambiwa Jumatatu asubiri darsa la Ijumaa, muda umekwisha, na aliyemchelewesha ana sehemu yake katika yatakayofuata.

Tunawausia maimamu wetu, kabla ya kutamka haramu, waulize mambo mawili: ni dawa gani, na ni saa ngapi zimepita. Kisha wamwelekeze muulizaji kwa mtabibu bila kukawia.

Wallahu a'lam.