Kiwanda Kilikuwa Mshtakiwa Mdogo

Kisa cha mtaa wa Owino Uhuru husimuliwa zaidi kama kisa cha mama mmoja na kiwanda kimoja. Phyllis Omido aliajiriwa mwaka 2009 katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu huko Mombasa, akagundua mwanawe ana madini ya risasi mwilini, akaacha kazi na kuungana na wanakijiji. Kiwanda kikafungwa Januari 2014, naye akatunukiwa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Yote hayo ni kweli, na sifa anastahili. Lakini masimulizi yanayoishia kwenye tuzo huacha nje jambo ambalo wakazi wa mahali pengine, wanaoletewa mtambo wa taka mlangoni, wangefaidika zaidi kulijua: kesi ilijengwaje hata ikasimama kuanzia mwaka 2016 mpaka Mahakama ya Juu ilipotoa kauli yake Desemba 2024. Ninavyousoma mwenendo wake, kilichowafikisha huko ni kwamba hawakumng'ang'ania mwenye kiwanda peke yake. Waliwafuata waliomfungulia mlango, wakataka wao ndio wajibu kwanza.

Ili uelewe kwa nini hilo liliwezekana, anza na betri yenyewe. Betri ya gari ya kawaida ni risasi kwa zaidi ya nusu ya uzito wake. Kuipata risasi hiyo hakuhitaji ufundi mkubwa: kasha linapasuliwa, asidi ya salfa inamwagwa, vibamba vinatolewa, plastiki inatupwa kando, kisha vibamba na ule ute wake mweusi vinaingizwa tanurini. Risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, joto ambalo hata jiko la mhunzi hulifikia. Shida iko kwenye ule ute, ambao haugeuki kuwa chuma safi mpaka tanuri likaribie nyuzi 1,000, na kwenye joto hilo risasi hupaa na moshi. Kwa hiyo mtambo wa namna hii hutoa sumu kwa njia tatu kwa wakati mmoja: maji ya asidi yanayotiririka, vumbi linalotua, na moshi unaosafiri. Mkataba wa Basel huziorodhesha betri za aina hii miongoni mwa taka hatari. Pale Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 upande wa Mikindani, kiwanda kilichoanza kazi mwaka 2007 kilitenganishwa na nyumba kwa ukuta tu. Maji machafu yalipenya na kupita katikati ya makazi, mahali watoto wanapocheza, na wanaume waliofanya kazi ndani walirudi jioni na vumbi kwenye nguo zao.

Sasa tazama karatasi. Sheria ya Kenya ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla ya mradi kuanza. Moja ya kazi za mwanzo alizopewa Omido ilikuwa kusimamia utayarishaji wa ripoti ya tathmini hiyo, ilhali tanuri lilikuwa limewaka miaka miwili tayari. Mtaalamu aliyeletwa akasema mahali hapo hapafai na kwamba kiwanda kihamishwe. Wakubwa wa kiwanda wakampuuza. Katika kampeni nyingi za mazingira, wakazi hulazimika kuwatafuta wataalamu wao wenyewe na kubishana na wataalamu wa kampuni, na mahakama hubaki inapima maneno ya upande huu na ya upande ule. Hapa ushahidi wa kwanza ulitoka ndani ya kabati la kiwanda. Nao ulibadilisha swali. Ubishi wa kama moshi unadhuru au haudhuru unaweza kuendelea miaka kumi. Swali la nani aliruhusu kiwanda kiwashe moto kabla ya tathmini lina tarehe, lina majina ya ofisi, na mwenye kulijibu ni mtu anayelipwa mshahara na umma.

Swali la pili, la madhara, halikuachwa. Lilipelekwa maabara, na hapa kuna jambo la kitaalamu ambalo wanaharakati wengi hulikosa. Risasi ikishaingia mwilini haikai muda mrefu kwenye damu. Kiasi kilichomo hupungua kwa nusu kwa muda wa karibu mwezi mmoja, kwa sababu sehemu yake hutoka na sehemu nyingine huhamia kwenye mifupa, ambako mwili huichukulia kama kalsiamu na kuiweka kwa miongo. Maana yake ni kwamba kipimo cha damu kina dirisha dogo. Anayesubiri kiwanda kifungwe ndipo apime atapata tarakimu zinazomsaidia wakili wa upande wa pili. Vipimo vya awali vya watoto wachache wa mtaa, vilivyochukuliwa moto ungali unawaka, vilikuwa vichache mno kumridhisha mtakwimu, lakini viliwahi wakati. Baadaye ukaja uchunguzi wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2018, ukiwalinganisha watoto wa chini ya miaka mitano wa Owino Uhuru na wale wa mtaa wa Bangladesh, ambao pia uko Mombasa na maisha yake ni ya hali ileile. Wastani wa Owino Uhuru ulikuwa mikrogramu 7.4 za risasi kwa desilita moja ya damu, na wa Bangladesh 3.7. Tofauti ya mara mbili kati ya mitaa miwili ya kimaskini katika mji mmoja ni vigumu kuielezea kwa rangi za ukuta, mabomba au lishe, visingizio ambavyo hutolewa kila mara risasi inapotajwa. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na tangu 2021 linashauri chanzo kitafutwe mara mtoto anapofikisha mikrogramu 5.

Wakiwa na karatasi na damu, walalamishi walienda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa mwaka 2016. Kumbuka kiwanda kilikuwa kimefungwa miaka miwili nyuma. Kampuni iliyokuwa na hadhi ya eneo la kuuza bidhaa nje, isiyo na tanuri linalowaka wala mzigo bandarini, ni mdaiwa asiye na cha kukamatwa. Anayeshinda kesi dhidi yake anaweza kubaki na hukumu nzuri ya kutundika ukutani. Dola haiwezi kufunga ofisi na kupanda ndege. Ndiyo sababu orodha ya washtakiwa ilijaa taasisi za umma: Mwanasheria Mkuu, wizara za mazingira na afya, mamlaka ya mazingira Nema, na mamlaka inayosimamia maeneo ya kuuza bidhaa nje, huku kampuni yenyewe na mwenye ardhi wakiwemo pia. Katiba ya 2010 iliwapa njia. Kifungu cha 42 kinatoa haki ya mazingira safi, na Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani haki hiyo ikitishiwa, bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kuumia au kupata hasara. Ni kifungu kifupi, lakini kinaubadilisha mchezo mzima. Katika sheria ya kawaida ya madai, kila mgonjwa angebanwa aeleze ugonjwa wake umetoka wapi, na nani asiye na ugonjwa mwingine? Kwa njia ya Katiba, uzito unaangukia kwenye wajibu uliovunjwa.

Hukumu ya tarehe 16 Julai 2020 ilifuata njia hiyo. Jaji Ann Omollo aliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, ilipwe ndani ya siku 90, na akaamuru ardhi isafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe Sh700 milioni za kuifanya kazi hiyo. Nema ilibebeshwa asilimia 40 ya lawama. Mdhibiti akabeba mzigo mkubwa kuliko kampuni iliyoyeyusha betri.

Wapo wanaosema huku ni kumtwisha mlipakodi kosa la mwekezaji. Hoja hii ina uzito, na sioni vema kuipuuza: mchuuzi wa soko la Kongowea hakutoa leseni yoyote. Lakini tazama upande mwingine wa hesabu. Leseni ya mazingira ni ahadi ambayo dola inaitoa kwa jirani wa kiwanda kwamba kuna mtu amekagua. Ikiwa ahadi hiyo haina gharama inapovunjwa, afisa hana sababu ya kukataa mradi uliojaa shinikizo la ajira na fedha za kigeni, na kampuni haina sababu ya kumwogopa afisa. Asilimia 40 iliyowekwa kwenye bajeti ya mdhibiti ndiyo inayompa mkaguzi wa kesho sababu ya kuandika "hapana" kwenye faili. Isitoshe, sheria haimzuii mdhibiti kumfuata mchafuzi na kudai arejeshewe alicholipa. Mwenye uwezo wa kumfuatilia mwekezaji hadi nje ya mipaka ni serikali. Mama wa mtaa wa mabanda hana uwezo huo.

Wengine watasema sheria imepewa sifa isiyo yake, kwani kiwanda kilifungwa miaka miwili kabla ya kesi, kwa sababu ya maandamano, vyombo vya habari na maseneta waliofika kuchunguza. Nakubali kwamba bila barabara kujaa watu pasingekuwa na kesi. Omido alikamatwa mwaka 2012, akashtakiwa kwa uchochezi na mkusanyiko haramu, na kuachiliwa huru. Baada ya kesi kuwasilishwa, vitisho dhidi ya wanaharakati vilifikia hadi wataalamu wa Umoja wa Mataifa kupaza sauti mwaka 2017. Hata hivyo maandamano yaliweza kuzima tanuri tu. Kufunga kiwanda hakuondoi risasi udongoni wala mifupani, na umati ulioitoa kampuni hauna njia ya kumtibu mtoto aliyebaki. Vitisho hivyo vyenyewe vinasema kitu: vilizidi baada ya karatasi kufika mahakamani, kiwanda kikiwa kimeshanyamaza.

Udhaifu wa kweli wa mbinu hii ulijitokeza mwaka 2023. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia ile, ikiona kwamba haikuonyeshwa kiasi hicho kilifikiwaje, ikarudisha hesabu ianze upya. Na kusema kweli, hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Walalamishi waliojenga kesi ya jamii nzima walikuwa wamepata nguvu ya wingi na kupoteza usahihi wa mmoja mmoja: nani alipata nini, kwa muda gani, kwa gharama gani ya matibabu. Mahakama ya Juu ilirudisha Sh1.3 bilioni mnamo Desemba 2024, lakini karibu miaka minne na nusu ilikuwa imepita tangu siku zile 90 zianze kuhesabiwa. Kampeni inayotaka kuiga Owino Uhuru ingefanya vema kuandaa, tangu siku ya kwanza, daftari la kaya: majina, umri, kipimo, tarehe, risiti ya hospitali. Ni kazi ya kuchosha, haina kamera, na hakuna anayepewa tuzo kwa ajili yake.

Kisha kuna utekelezaji, ambako mkakati wa kuishtaki dola hukutana na ukuta wake. Sheria ya Kenya ya mashauri dhidi ya serikali hairuhusu dalali kukamata mali ya serikali. Aliyeshinda huomba cheti cha deni, kisha akikosa kulipwa hurudi mahakamani kuomba amri ya kumlazimisha afisa husika alipe. Amri nyingine hukwama hata bila fedha kuhusika. Jaa la Dandora, Nairobi, lilifunguliwa mwaka 1975 katika machimbo ya mawe yaliyoachwa, likatangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na mwaka 2021 mahakama ikaamuru lihamishwe ndani ya miezi sita. Malori yakaendelea kumwaga taka palepale, kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine palipotayarishwa. Owino Uhuru iko afadhali kidogo kwa sababu inadai vitu viwili vinavyoweza kununuliwa kwa pesa, fidia na usafishaji wa udongo, wala haihitaji mji mzima ubadilishe tabia yake ya kutupa taka.

Linabaki swali ambalo wenye viwanda hupenda kuliuliza, nao wana haki: betri ziende wapi? Pikipiki, malori, minara ya simu na mifumo ya sola inazitupa kila siku, na zikikosa kiwanda rasmi zitayeyushwa kwenye sufuria nyuma ya gereji, ambako hakuna hata ukuta. Ndiyo sababu jambo lililoanzisha kesi hii, tathmini inayopaswa kutangulia kibali, lina maana zaidi kuliko kiasi cha fidia. Mtambo wa betri unaweza kujengwa mbali na makazi, ukiwa na vichujio vya moshi, mabwawa ya asidi yaliyosakafiwa na bafu la wafanyakazi kuoga kabla ya kwenda nyumbani. Kinachokosekana katika taratibu za leseni ni kitu rahisi: kuwapima damu watoto wa majirani kabla moto wa kwanza haujawashwa, na kuwapima tena kila mwaka kwa gharama ya mwenye mtambo, majibu yakibaki mikononi mwa hospitali ya umma. Wakazi wa Owino Uhuru hawakuwa na kipimo cha kabla ya 2007. Iliwabidi waazime damu ya watoto wa Bangladesh ili waonyeshe jinsi yao ingalikuwa.