Mlima Kilimanjaro Ulivyopimwa bila Kamba

Mwezi Machi au Septemba, karibu saa tatu na nusu asubuhi, jua la mji wa Moshi, chini ya Kilimanjaro, huwa limepanda nyuzi 45. Kukiwa hakuna mawingu, wakati huo kivuli cha Mnara wa Saa hulingana na urefu wa mnara wenyewe. Mwanafunzi mwenye tepu anaweza kukipima pale chini kwenye lami, mradi bodaboda wampishe, akaujua urefu bila kupanda ngazi.

Hiyo ni pembetatu mraba ya nyuzi 45. Pande zake mbili fupi ni sawa, na ule mrefu ni mara 1.414 ya mmoja wapo, yaani kipeuo cha pili cha 2. Mafundi wa kenchi huishika kwa mikono. Nyumba yenye upana wa mita 8 ikiezekwa kwa nyuzi 45, paa hupanda mita 4 katikati na mbao ya mteremko huwa mita 5.66. Ukililaza paa hadi nyuzi 30, mbao hiyo hupungua hadi mita 4.62, na mabati yanapungua pia. Ukingo unaotokeza nje ya ukuta haumo kwenye hesabu hii.

Utamu wenyewe uko pale shina la kitu lisipofikika.

Chukua mti ulio ng'ambo ya mto, kingo zote mbili zikiwa usawa mmoja. Simama mahali unapokiona kilele chake kwa nyuzi 30, kisha usogee mbele moja kwa moja hadi pembe ifike 60. Tuseme umetembea mita 20. Pembetatu inayounganisha vituo vyako viwili na kilele ina pembe mbili za nyuzi 30, kwa hiyo mita 20 ulizotembea ni sawa na mstari wa kutoka jicho lako, kwenye kituo cha pili, hadi kileleni. Iliyobaki ni pembetatu ya 30, 60 na 90: upande mfupi ni nusu ya ule mrefu, mita 10, na upande wa wima ni mara 1.732 ya huo mfupi, mita 17.3. Ongeza kimo cha jicho, umemaliza. Mto hukuuvuka.

Mlima Kilimanjaro nao shina lake halifikiki. Hakuna awezaye kuvuta tepu kutoka Moshi hadi chini ya kilele cha Uhuru. Hans Meyer, aliyefika juu mwaka 1889, aliukadiria kuwa na zaidi ya mita 6,000. Mwaka 1952 wapimaji wa Uingereza walitumia theodolaiti, chombo cha kupimia pembe, wakapima pembe kutoka vituo ambavyo mahali pake palijulikana, wakapata mita 5,895.

Tatizo ni kwamba mlima huu hautoi pembe za darasani. Moshi iko yapata kilomita 30 kutoka Uhuru, na kilele kiko juu yake kwa kilomita 5 hivi, basi pembe ni kama nyuzi 9 tu. Ili uione mita 5,000 kwa nyuzi 30, ungepaswa kuwa kilomita 8.7 kutoka shinani, na hapo tayari uko mlimani, ardhi imeshapanda nawe. Kanuni ni ileile ya mti, ila majedwali ya trigonometria huchukua nafasi ya 1.414 na 1.732.

Tena kuna dunia yenyewe, ambayo si bapa. Kwa umbali wa kilomita 30, mviringo wake hukishusha kilele machoni kwa mita 70 hivi, huku hewa ikiupinda mwanga na kurudisha karibu mita 10. Asiyesahihisha hayo amekosa kabla hajaanza. Na kukosea pembe kwa dakika moja, sehemu ya 60 ya nyuzi, ni kukosa mita 9.

Mwaka 1999 wataalamu wa Tanzania na Ujerumani walipandisha vipokezi vya setilaiti hadi juu, wakapata mita 5,892.55; mwaka 2008 kipimo kingine kikatoa 5,891.8. Kazi ya 1952 imepishana na setilaiti kwa takriban mita 3 tu, na kibao cha kileleni bado kimeandikwa 5,895.