Ufunguo wa Kanuni

Nyumbani, mpenzi wa taarabu huja kusikiliza maneno. Mwimbaji akifika kwenye fumbo, mwanamke huinuka kitini na noti vidoleni, akaenda mbele taratibu, kwa madaha, ili kila mtu amwone na mwenye kusemwa ajijue. Sasa lichukue kundi lile lile, ulipandishe ndege Unguja, ulishushe Berlin mwezi wa Januari. Fumbo limeishia mlangoni. Hakuna anayetunza, wala anayejua nani kapigwa kijembe. Watu wametulia kama wako hitimani, wanangoja sauti tu. Kwa hiyo katika safari hizi mimi humwonea fahari yule anayetangulia ukumbini kabla ya wenzake, ala yake ya kanuni mapajani, ufunguo mdogo wa chuma mkononi.

Kanuni ina nyuzi 78, zimepangwa tatu tatu katika mafungu 26, na nyuzi tatu za fungu moja lazima zitoe sauti moja. Zikipishana kwa unywele, sauti hutikisika kama mwale wa koroboi penye upepo. Upande wa kulia wa mpigaji, daraja linalobeba nyuzi zote limesimama juu ya ngozi, na zile za kizamani ni ngozi ya samaki. Utamu wa kanuni umo humo, na balaa lake pia. Kila aliyewahi kupasha ngoma moto anajua tabia ya ngozi. Unguja, ambako hata chumvi huloa kibiani, ngozi hulegea, daraja likazama kidogo na sauti zikashuka. Ulaya wakati wa baridi, hewa ya ndani imekaushwa na mitambo ya joto. Ngozi hujikaza, daraja likainuka na sauti zikapanda. Huku upande wa pili vigingi vya mbao vimesinyaa matunduni mwao, vinateleza, na nyuzi zake zinashuka. Ala moja inapanda na kushuka kwa wakati mmoja, na onyesho ni saa mbili usiku.

Mzee mmoja wa kanuni aliniruhusu kukaa karibu naye akityuni. Wapigaji husema hivyo, kutyuni, hawasumbukii maneno ya vitabuni. Alianza kwa kuulegeza uzi kupita kiasi, kisha akaupandisha kidogo kidogo mpaka mahali pake, kwa sababu uzi unaotoka chini hukaa, na ulioshushwa kutoka juu huendelea kuteremka mtu akishageuka. Nyuzi mbili alizizima kwa kidole, akautengeneza wa tatu peke yake. Akaachia wa pili. Zikasikika mbili zikisukumana, wou-wou-wou, kwanza haraka, halafu polepole, halafu kimya.

"Mwanangu," akaniambia bila kuinua kichwa, "usisikilize uzi. Sikiliza ule ugomvi wao. Ukiisha, toa mkono."

Halafu kuna akodiani. Chombo hiki kimeshatyuniwa kiwandani, hakina ufunguo, na baridi haikishughulishi sana. Basi nyuzi zote 78, fidla, udi na besi lazima vikifuate chenyewe. Nimewahi kuona wazee wakiitazama akodiani kwa jicho la mtu aliyeletewa mgeni asiyeinuka kitini. Tena haina sauti zile za katikati zinazotakiwa na makamu, yaani mipangilio ya sauti, kama bayati na rasti. Ikifika hapo mpiga akodiani hukwepa au hunyamaza, na mpiga kanuni, kwa mkono wa kushoto, anainua na kulaza vipande vidogo vya chuma vilivyo karibu na vigingi, huku wa kulia ukiendelea kudonoa kwa kijiti kilichobanwa na pete ya kidole cha shahada. Ukiwa umekaa viti vya nyuma huoni lolote.

Ala yenyewe ni msafiri. Husimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja mpaka 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze kanuni. Kwa hiyo iliingia kwetu kama mgeni, na leo inakwenda Ulaya ikiitwa ya Zanzibar. Mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kurekodi santuri, walitoka pwani yenye unyevu wakafikia pwani yenye unyevu, na santuri zikarudi kwa watu walioyaelewa maneno. Culture, kundi la taarabu la Vuga, Unguja, lenye mizizi ya tangu 1958, limekwenda mbali zaidi ya hapo, mahali ambapo hewa ni nyingine na lugha ni nyingine. Mwimbaji Bi Kidude alipopewa tuzo ya muziki ya WOMEX mjini Newcastle mwaka 2005, dunia ilimtazama yeye, na ilikuwa haki yake. Mimi jicho langu hukimbilia kiti cha pembeni, cha mpiga kanuni.

Maana kazi haimalizwi mchana. Taa za jukwaani zikiwaka, nyuzi hupata joto na kuhama tena. Mzee alinieleza kwamba hutyuni katikati ya makofi, kwani wakati huo hakuna anayemsikia, na kwamba makofi ya Wazungu ni marefu, hapo anawashukuru sana. Usiku hotelini huloweka kitambaa, akakikamua, akakiweka ndani ya kibati cha sabuni alichokitoboa matundu, na kibati akakilaza ndani ya kasha kando ya kanuni ili isikauke.

Siku kundi liliporudi Unguja, nilikwenda kumpa mzee pole ya safari. Kasha lilikuwa limefunguliwa barazani, kahawa imepoa pembeni. Kibati cha sabuni kilikuwa dirishani, hakina kazi tena. Nilipitisha kidole juu ya nyuzi, zote zilikuwa zimeshuka, zinagombana kama wake wenza. Alinitoa mkono, akatafuta ufunguo mfukoni, akaanza na fungu la kwanza.