LUGHA ISIYOTAJA MKE WALA MUME: TAHAKIKI YA HOJA YA OYÈRÓNKẸ́ OYĚWÙMÍ

1. Utangulizi

Mwalimu yeyote aliyewahi kufundisha tafsiri anaijua taabu ya neno "yeye". Mwanafunzi hupewa aya ya Kiswahili ambamo daktari ameingia wodini, amempima mgonjwa, kisha ameondoka. Naye, akiifasiri aya hiyo kwa Kiingereza, humfanya daktari kuwa mwanamume bila ya kusita, ingawa hakuna neno hata moja lililompa ruhusa hiyo. Kutokana na taabu kama hii imezuka kauli inayorudiwa mara kwa mara katika madarasa na mikutano yetu, kwamba Kiswahili, pamoja na lugha nyingi za Kiafrika, ni lugha isiyobagua baina ya mwanamke na mwanamume. Na kwamba jamii iliyoizaa lugha ya namna hiyo nayo haikubagua.

Makala haya yanakusudia kuipima kauli hiyo kwa kuzichunguza kazi za mtaalamu aliyeijengea hoja kwa ukamilifu kuliko wengi, yaani Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí wa Nigeria. Wanasosholojia na wanafalsafa wamekwisha kumjadili sana. Wanaisimu wa upande wetu wa bara hawajamjadili vya kutosha, na hali msingi wa jengo lake ni lugha.

2. Mtaalamu na kazi zake

Oyěwùmí ni Myoruba. Baba yake alitawazwa kuwa Soun, yaani mfalme wa mji wa Ogbomoso, mwaka 1973, na mwandishi mwenyewe ameeleza kwamba maisha ya jumba la kifalme yalikuwa shule yake ya kwanza. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Ibadan, kisha akaendelea na sosholojia katika Chuo Kikuu cha California huko Berkeley. Tangu hapo kazi yake ya kufundisha ameifanya Marekani, hasa katika Chuo Kikuu cha Stony Brook, New York.

Kitabu kilichomletea sifa, The Invention of Women, kilitolewa mwaka 1997, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya kitengo cha masuala ya jinsia cha Chama cha Wanasosholojia wa Marekani. Baadaye alihariri mikusanyo miwili, mmoja mwaka 2003 na mwingine mwaka 2005, na mwaka 2016 akatoa kitabu kingine juu ya umama katika fikra za Wayoruba.

Katika kazi hizi zote swali lake ni moja: ni nani mwenye haki ya kuunda maswali yanayoulizwa juu ya Waafrika? Katika mkusanyo wa mwaka 2003, mathalan, anauliza kwa nini harakati za wanawake wa Magharibi zimeufanya udada kuwa alama ya umoja wa wanawake wote duniani, na hali Wayoruba wanapotaka kutaja umoja ulio thabiti husema juu ya watoto wa mama mmoja. Msemaji wa Kiswahili aliyezoea kusikia "ndugu wa tumbo moja" hana haja ya kuelezwa zaidi. Huu ndio uanaharakati wake: haukufanyika sana barabarani, bali katika kuzikataa istilahi za kuazima pale ambapo wengine walizipokea kwa shukrani.

3. Hoja ya lugha

Kwa ufupi, Oyěwùmí anasema kwamba katika jamii ya Wayoruba wa Oyo, kabla ya ukoloni, "mwanamke" halikuwa kundi la kijamii. Maumbile ya mwili yalijulikana, lakini hayakuamua cheo cha mtu. Kilichoamua ni ukubwa na udogo, yaani nani alitangulia kuzaliwa, au nani alitangulia kuingia katika ukoo.

Ushahidi wake mkubwa ni wa msamiati na sarufi. Viwakilishi vya Kiyoruba havitofautishi jinsia, bali hutofautisha mkubwa na mdogo. Ndugu huitwa ẹ̀gbọ́n akiwa mkubwa na àbúrò akiwa mdogo, awe wa kiume au wa kike. Maneno ọkùnrin na obìnrin yana kiini kimoja, wala moja halikutoholewa kutoka kwa jingine kama ilivyo katika Kiingereza. Tena neno ọkọ, ambalo wafasiri wamelifanya "mume", humhusu kila mzaliwa wa ukoo, hata binti. Na ìyàwó, lililofanywa "mke", ni yule aliyeingia kutoka nje kwa ndoa. Kwa hiyo bibi harusi ana ọkọ wengi nyumbani humo, na miongoni mwao wamo dada za mumewe.

Ushahidi huu ni mzuri, na wafasiri wanastahili lawama waliyopewa. Hata hivyo, wahakiki kadha wamekwisha kuonyesha ufa uliomo, akiwamo Bibi Bakare-Yusuf, aliyeuliza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama yaliyomo katika maneno ndiyo yote yaliyomo katika maisha. Ufa wenyewe waweza kuonekana katika mfano wa mwandishi mwenyewe. Ni kweli kwamba ọkọ aweza kuwa wa kike au wa kiume. Lakini ìyàwó ni nani? Ni yule anayehamia kwa mwenzake. Na maadamu desturi ilikuwa mke kumfuata mume, aliyeingia nyumbani akiwa mdogo wa wote alikuwa daima wa kike. Ukubwa na udogo haukuiondoa jinsia, bali uliificha mlangoni. Binti wa mfalme, akiwa mzaliwa wa ukoo, hana sababu kubwa ya kuuona mlango huo. Aliyeingia kwa ndoa huuona kila siku.

4. Kiswahili kama shahidi

Tukigeukia Kiswahili, dalili nyingi alizozitaja Oyěwùmí zinapatikana kwetu. "Yeye" hana jinsia. Mtu, mtoto, mzee, mjukuu na ndugu ni vivyo hivyo. "Shikamoo" humwendea mkubwa, awe mwanamke au mwanamume. Hata "mwanamume" na "mwanamke" yameundwa kwa kiini kimoja, "mwana", wala hakuna lililo tawi la mwenzake. Iwapo dalili hizi zinatosha, basi Waswahili nao hawakuwa na jinsia.

Lakini tutazame kitenzi "kuoa". Mwanamume huoa; mwanamke huolewa. Ubaguzi uliofukuzwa katika viwakilishi umerudi katika mnyambuliko, umekaa katika kauli ya kutendwa, na hakuna mzungumzaji asiyeuona. Mwanamume akihamia nyumbani kwa mkewe, watu wa bara humcheka kwa kusema kwamba "ameolewa". Na dhihaka hiyo isingekuwa na ladha kama kauli ya kutendwa isingebeba unyonge. Tuangalie pia umbo "-ume". Kisarufi ni sawa na "-ke", lakini mkono wa kuume ndio mkono wa kulia, na kumwita mtu "mwanamume hasa" ni kumsifu ushujaa. Maumbo ni sawa, thamani si sawa.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni matokeo ya ukoloni, kama Oyěwùmí anavyosema juu ya Wayoruba. Kwa pwani yetu jibu hilo halifai. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa na mwanamke wa Kiswahili mwaka 1858 kumuusia binti yake juu ya wajibu wa mke kwa mumewe, ulitangulia utawala wa Waingereza kwa zaidi ya miaka 30. Lolote tutakalosema juu ya utendi huo, hatuwezi kusema kwamba mtunzi wake hakumjua mwanamke kama kundi la kijamii. Haki yamtaka mhakiki aongeze kwamba Oyěwùmí mwenyewe aliyafunga madai yake kwa Wayoruba wa Oyo. Waliozivuka mpaka hoja zake kwa haraka ni wafuasi wake, na sisi tukiwamo.

Kuna mfano mwingine, nao ndio unaotufundisha zaidi. Katika miji ya kale ya pwani, kama Lamu, ilikuwa desturi ya waungwana kumpa binti nyumba, na bwana harusi ndiye aliyehamia humo. Kwa mantiki ya ọkọ na ìyàwó, mume huyo ndiye mgeni, na mke ndiye mwenyeji. Je, lugha ilifuata? Haikufuata. Mume aliyelala katika nyumba ya mkewe bado alisemwa kuwa "ameoa". Ikiwa Kiyoruba kilificha jinsia nyuma ya makazi, Kiswahili cha Lamu kilificha makazi nyuma ya jinsia: mwanamke mwenye nyumba alinenwa kwa kitenzi cha mtu aliyechukuliwa. Mtafiti ambaye angeisoma sarufi peke yake asingeiona nyumba ile.

Neno "wifi" nalo lafaa kuzingatiwa. Mke na dada wa mumewe huitana wifi, kila mmoja kwa mwenzake. Pale ambapo Kiyoruba kimemweka dada wa mume juu kwa kumwita ọkọ, Kiswahili kimewaweka sawa kwa neno moja. Lakini ni nani asiyejua, kutokana na nyimbo za harusi na masimulizi ya majumbani, kwamba mawifi hawako sawa? Neno laweza kutaja usawa ambao nyumba haina, kama kitenzi kinavyoweza kutaja unyonge ambao nyumba haina.

5. Hitimisho

Tumeona basi kwamba hoja ya Oyěwùmí, ikichukuliwa kama kanuni ya kuisoma jamii katika viwakilishi vyake, haisimami mbele ya ushahidi wa Kiswahili. Isichukuliwe kwamba kwa kusema hivi tunaitupa kazi yake. Alichotuachia ni kikubwa kuliko hitimisho lake: ni sharti kwamba uchunguzi uanze katika maneno ya wenyewe, na kwamba mfasiri aliyeandika "mume" mahali pa ọkọ atoe hesabu.

Sharti hilo latuhusu sisi tunaofundisha na kuandika kamusi. Kwa muda mrefu tumeridhika kuvifasili vitenzi kama "oa" kwa mstari mmoja, kana kwamba maana yake imo ndani ya neno lenyewe. Kidahizo cha namna hiyo kingepaswa kueleza ni nani humwambia nani, katika nyumba ya nani, na kwa heshima au kwa dhihaka. Aidha, istilahi "jinsia", ambayo siku hizi tunaitumia kwa maumbile ya mwili na kwa mpango wa jamii kwa pamoja, inafuta tofauti ile ile ambayo Oyěwùmí alitumia maisha yake ya kitaaluma kuitetea. Wako wanaopendekeza "jinsi" kwa maana ya kwanza na "jinsia" kwa maana ya pili. Pendekezo hilo lajadilika, lakini idara za lugha zikilinyamazia, litaamuliwa na watu wasio na haja ya kujua tofauti.

Na mwanafunzi wetu aliyemfanya daktari kuwa mwanamume? Hakukosea sarufi. Alisoma katika aya kile ambacho jamii yake ilikuwa imemfundisha, na "yeye" hakuwa na uwezo wa kumzuia.