Komiseri Anafikiri

Juzi nilimkuta mpwa wangu amejinyoosha kwenye kochi, simu mkononi, anatazama tamthilia ya Kifaransa yenye tafsiri chini ya picha. Watu ndani ya kioo walitembea kama wanaokimbia mvua, na maneno yao yalitoka mbiombio. Nikadhani simu imeharibika.

"Haijaharibika, mjomba," akasema bila kuinua macho. "Nimeiongeza kasi. Na pale wanapokaa tu bila kusema, naruka."

Sikumjibu. Maneno yake yalikuwa yamenirudisha kwenye sebule moja ya Ilala, miaka mingi nyuma, ambako kukohoa tu kulikuwa kosa kwa sababu mtu mmoja kwenye televisheni alikuwa amenyamaza.

Mwenye sebule ile alikuwa mzee aliyetoka Bujumbura, mwalimu mstaafu, na watoto wote wa mtaa tulimwita Babu. Juu ya bati lake palikuwa na ungo mkubwa uliopauka kwa jua, uliomletea kituo cha Kifaransa. Sisi tulifuata chai ya maziwa na maandazi. Yeye alimngoja Maigret, mpelelezi wa tamthilia. Muziki wa mwanzo ukilia, alivuta kiti karibu, akavua kandambili zake, akaweka mikono magotini kama mtu aliyewahi ibada. Kwenye kioo, mwanamume mnene wa koti zito alisimama dirishani, kiko mdomoni, akitazama nje. Dakika ikapita. Mmoja wetu akianza kunong'ona, Babu aliinua kidole.

"Nyamazeni. Komiseri anafikiri."

"Lakini Babu, mbona hasemi kitu?"

"Ndiyo maana nawaambia mnyamaze."

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba jioni zile Babu alikuwa akituonyesha fundi akiwa kazini. Ufundi wa mikono tunaujua na kuusifu. Tunamtambua mchonga milango kwa nakshi zake na mshona kofia kwa vitobo vyake. Lakini kunyamaza mbele ya kamera, mtazamaji akakuamini, akajua kwamba ndani ya kimya kile mna mtu anayepima, anayehurumia, anayetilia shaka, nao ni ufundi, na wenye nao huhesabika. Fundi wa Babu aliitwa Bruno Cremer.

Komiseri Maigret mwenyewe alitungwa na Georges Simenon, Mbelgiji mzaliwa wa Liège, ambaye hadi mwaka 1972 alikuwa amemwandikia riwaya 75 na hadithi fupi 28. Televisheni zilimgombea mapema. BBC walimvalisha Rupert Davies kofia ya komiseri mwaka 1960. Wafaransa wakaishi na Jean Richard tangu 1967 hadi 1990. Waingereza wakarudi tena na Michael Gambon mwaka 1992. Kila mmoja alikuwa na wapenzi wake, na sitaki kumvunjia mtu heshima. Cremer aliingia mwaka 1991, umri umeshavuka miaka 60, akabaki kwenye koti lile hadi 2005. Filamu 54, kila moja karibu saa moja na nusu. Alipoanza, nywele zilikuwa zimeshaingia mvi na kope zimeanza kuwa nzito, na nadhani hapo ndipo bahati ilipolala. Kijana akinyamaza, wengi humdhania amesahau maneno. Mtu mzima akinyamaza, watu husogea karibu.

Chukua ile ya mwanzoni kabisa, *Maigret et la grande perche*, aliyoiongoza Claude Goretta. Mwanamke mmoja aliyewahi kupitia mikononi mwa komiseri anarudi kwake na habari ngumu kuaminika. Mumewe ni mwizi, hodari wa kufungua makasha ya fedha. Usiku ameingia nyumba ya watu huko Neuilly, na kurunzi yake ikaangukia maiti ya mwanamke. Ametoroka na hathubutu kujitokeza. Nyumba ile ni ya daktari wa meno anayeishi na mama yake mzee. Mke wake, wanasema, amesafiri. Maiti haipo. Shahidi pekee ni mwizi aliyekuwa akiiba. Askari wa haraka angemcheka yule mke wa mwizi na kumfungulia mlango atoke. Maigret anamsikiliza hadi mwisho.

Daktari yule anaigizwa na Michael Lonsdale, naye alikuwa mtu wa umbo kubwa na mwendo wa taratibu. Basi unapata miamba miwili katika chumba kimoja, na hakuna anayepiga meza. Hapa ndipo ninapomkumbuka Cremer vizuri zaidi, na kiko chake. Swali limeshaulizwa. Yeye anafungua kifuko cha tumbaku. Anachota kidogo kwa ncha za vidole, anashindilia kwa kidole gumba, anachota tena. Anawasha kiberiti, anaacha moto wa kwanza utulie, ndipo anausogeza. Muda wote huo hajamtazama mtuhumiwa hata mara moja, na sisi tunaotazama hatuna pengine pa kupeleka macho isipokuwa kwa mtuhumiwa. Tunaanza kuona mikono yake. Tunaona kola inavyombana. Kazi ya mpelelezi inafanywa na macho yetu wenyewe, tena bila kuambiwa tufanye.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijaona mwigizaji aliyeishika methali hiyo kama huyu, ingawa huenda hakuwahi kuisikia. Alijua kwamba anayeficha jambo huona kimya kama shimo mbele yake, akaanza kulifukia kwa maneno, na ndani ya maneno hayo akajifukia mwenyewe. Mahojiano ya Maigret yaweza kukesha. Bia na mikate iliyotiwa nyama huletwa kutoka Brasserie Dauphine, msaidizi wake Janvier anaingia na kutoka na karatasi, nje kunapambazuka. Hatimaye mtu anasema ukweli, na mara nyingi anausema kwa kuchoka kuubeba peke yake.

Halafu kuna kile alichokifanya kwenye nyumba za marehemu. Wapelelezi wengine wa televisheni huingia na kuanza kuvuta droo. Cremer aliketi. Alitafuta kiti cha aliyekufa, akakaa, akatazama kile ambacho marehemu alikuwa akikitazama kila siku: ukuta, saa, dirisha la jirani. Akaingia jikoni. Akamuuliza mpangishaji marehemu alipenda kula nini. Simenon alikuwa na kauli yake ya maisha, kwamba kazi ni kuelewa na si kuhukumu. Kauli kama hiyo ni rahisi kuandikwa. Kuiingiza katika namna mtu anavyokalia kiti cha mwenzake aliyekufa ni kazi ya miaka.

Kimya cha namna ile hakitengenezwi na mwigizaji peke yake. Kinataka mwongozaji asiye na pupa, mpiga picha anayejua kungoja, na mhariri anayezuia mkasi wake. Kinataka mtunzi wa muziki kama Laurent Petitgirard, asiyeziba kila ufa kwa fidla. Kinataka hata mitaa ya kukiamini. Filamu zile zilihitaji Paris ya miaka ya 1950, na Paris yenyewe ilikuwa imeshajaa magari mapya na mabango, hivyo nyingi zilipigwa Prague, ambako mawe ya barabarani na taa za zamani zilikuwa bado zipo. Watu walisafiri nchi nyingine kutafuta uchochoro ambao komiseri ataupita kwa hatua kumi. Leo namsikia mtu ananiambia hatua hizo kumi zirukwe.

Sisemi kwamba ustadi ule ulizikwa na koti la Cremer. Mwaka 2009 Wafaransa walianza *Un village français*, tamthilia ya mji mdogo wa kubuni uitwao Villeneuve chini ya Wajerumani tangu Juni 1940, wakaipeleka polepole sehemu 72 hadi 2017. Daktari wa mji, Larcher, anayeigizwa na Robin Renucci, anakubali umeya kwa nia njema kabisa, ili watu wapate maji na mkate. Halafu anatia sahihi karatasi moja, na nyingine, na nyingine, hadi siku anajikuta amefika mahali ambapo asingekubali kwenda kama angeambiwa siku ya kwanza. Kuanguka kwa namna hiyo hakuonekani kwa kasi ya mara moja na nusu. Ukiruka pale Larcher anapoitazama kalamu kabla ya kuishika, umeruka kisa chenyewe.

Hilo ndilo linaloniuma. Tumeanza kudhani kwamba tamthilia ni habari: nani kaua, nani kamwacha nani, mwisho umekuwaje. Kama ni habari tu, basi ni kweli, kimya ni upotevu wa muda. Lakini hakuna aliyemaliza kumtazama Cremer akabaki na jina la muuaji. Mimi nimeshawasahau karibu wote. Nilichobaki nacho ni uso unaomsikiliza mtu mwongo bila kumdharau, na kila ninapokuwa na hasira na mtu hujaribu kuukumbuka. Mpwa wangu ni kijana mwema, ana akili kuliko mimi nilivyokuwa. Lakini namwona hata akizungumza nasi mezani: bibi yake akitulia katikati ya sentensi kutafuta neno, yeye humalizia. Kidole kimezoea kuruka, na sasa sikio limejifunza kwa kidole. Na tusimlaumu yeye peke yake. Ni sisi wakubwa tuliompa simu ili atulie, kisha tukashangaa kwamba hajui kutulia.

Filamu ya mwisho ya Cremer ilionyeshwa mwaka 2005. Alikuwa mgonjwa wa saratani ya koo, na sauti ilikuwa imemtupa mkono. Watengenezaji walilazimika kumtafuta mwigizaji mwingine, Vincent Grass, aseme maneno yote ya komiseri juu ya picha yake. Nilipolijua hilo nilidhani mambo yangeharibika, maana mwigizaji bila sauti ni kama mshonaji bila sindano. Haikuwa hivyo. Yule yule mwanamume mnene anavuta kiti, anashindilia kiko, anamtazama mwenzake, na Maigret yupo kamili chumbani. Sauti iliazimwa na kazi ikasimama, kwa kuwa kwa miaka 14 mzigo mkubwa ulikuwa umebebwa na kimya, na kimya kilikuwa bado chake. Alifariki Paris tarehe 7 Agosti 2010, akiwa na miaka 80.

Babu wa Ilala naye hayupo tena, na ungo wake ulishateremshwa. Lakini wazee wa namna yake bado wamo majumbani mwetu. Ukimkuta mmoja anatazama mchezo ambao hakuna anayesema ndani yake, usimwombe rimoti. Vuta kiti, kaa naye, na usiinuke hadi majina ya mwisho yapite.