Mandhari ya Usambara na Mahali pa Kusimama Mchoraji

Miongoni mwa sanaa zinazotajwa pale izungumzwapo habari ya utamaduni wa taifa, uchoraji wa mandhari kwa rangi ya mafuta huwa haupati nafasi. Vinyago vya Wamakonde vimeandikiwa mengi. Picha za Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, zimezaa mkondo mzima unaojulikana duniani. Ngoma na ushairi vina wahakiki wake. Lakini mtu abebaye ubao na brashi, akapanda mlima, akasimama juani kuchora bonde, huhesabiwa kuwa anaiga mchezo wa wageni wasio na kazi. Hukumu hii ni ya haraka mno. Katika makala haya twataka kuipima kwa kuitazama nchi moja, yaani Lushoto na milima ya Usambara ya Magharibi, ambayo wachoraji huipenda na ambayo, kwa maoni yetu, bado haijachorwa ipasavyo.

Tuanze na chombo chenyewe. Rangi ya mafuta ni ya Ulaya, hilo halina ubishi. Hata hivyo, desturi ya kuitumia nje ya nyumba si urithi wa kale hata huko Ulaya. Zamani rangi ilitunzwa katika vibofu vya wanyama, ikamwagika na kukauka njiani. Wachache waliojaribu kuitoa nje, kama Mwingereza John Constable aliyechora mawingu huko Hampstead mwaka 1821 na 1822, walifanya hivyo kwa taabu. Mwaka 1841 mchoraji Mmarekani aliyekaa London, John Goffe Rand, alibuni mrija laini wa bati wenye kifuniko, na tangu hapo ndipo wachoraji walipotoka mashambani kwa wingi. Desturi yenye umri huo haiwezi kudaiwa na taifa moja kuwa mali yake. Chenye mwenyewe ni mahali anaposimama mchoraji.

Wajerumani walipoutawala mji wa Lushoto waliuita Wilhelmstal. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Mombo mwaka 1905, safari ya kupanda milimani ikawa nyepesi, nao wakapanda kutafuta baridi iliyowakumbusha kwao. Jicho lao lilitafuta umbali na uwazi, na mahali palipolishibisha jicho la namna hiyo pangalipo: ni Irente, kwenye ukingo wa jabali, kilomita chache kutoka mjini. Hapo nchi hukatika ghafula, na mtazamaji huona chini yake, kwa kina cha karibu mita 1,000, nyika ya Mombo na Mazinde ikienda hadi ikapotea katika vumbi. Uzuri wake hatuukani. Lakini na tuulize: mchoraji asimamapo Irente anachora nini? Anachora nyika. Milima ya Usambara, pamoja na vijiji vyake, migomba yake na watu wake, iko mgongoni mwake. Picha ngapi zimeitwa kwa jina la Usambara, na ndani yake hamna Usambara!

Jambo hili si la mzaha, kwa sababu Wasambaa wenyewe wamegawa nchi sehemu hizo mbili tangu zamani. Kuna Shambaai, nchi ya juu yenye mvua na migomba, na kuna nyika, nchi ya chini yenye joto, maradhi na njaa. Asomaye Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi, kitabu kilichotolewa upya mwaka 1962, ataona jinsi Mbegha mwindaji, aliyetoka Ngulu, alivyopokelewa milimani, na jinsi kupanda kwake kutoka pori la chini hata Vuga kulivyokuwa mwanzo wa utawala. Tena Wasambaa walipoitazama nchi yao hawakuitazama kama picha ukutani. Waliuliza kama nchi imetengenezwa au imeharibiwa, na kwa hayo wana maneno yao, kuzifya shi na kubana shi. Mvua ikinyesha kwa wakati wake na chakula kikawapo, nchi imetengenea. Ukame na ugomvi wa watawala ukizidi, nchi imeharibika. Huu nao ni uhakiki wa mandhari, na una uzito kuliko ule wa kadi za posta.

Tuchukue mfano wa mistari inayoonekana katika miteremko. Mgeni huiona kama pambo, naye huipaka kijani kilichoiva na kijani kibichi kwa zamu, kama kitenge. Lakini mistari hiyo ina historia. Kuanzia mwaka 1946 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa bonde la Mlalo, na baadaye wa sehemu nyingine za Usambara, kulima kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kazi ilikuwa nzito, amri ilitoka juu, na watu waliipinga kwa nguvu hata mpango ukaachwa kabla ya uhuru. Kuanzia mwaka 1981 ulikuja mradi mwingine wa kuhifadhi udongo katika wilaya ya Lushoto, uliohimiza kupanda miti na majani ya kulishia ng'ombe kwa mistari inayokinga maji. Basi mstari mmoja mlimani huenda ukawa ni alama ya amri, na wa pili alama ya hiari. Mchoraji hana wajibu wa kuandika hayo kwa maneno, ila akiyajua mkono wake utakuwa mwangalifu zaidi: ataona kwamba matuta hayashuki na mteremko bali huukata, na kwamba yakichorwa yakishuka, mlima wote huwa uongo.

Katika Afrika ya Mashariki tunao wachoraji wawili ambao kazi zao zafaa kuwekwa pamoja ili tujue tumepungukiwa nini. Wa kwanza ni Akseli Gallen-Kallela, Mfini aliyeishi Kenya mwaka 1909 na 1910 akachora zaidi ya picha 100 za mafuta. Mtu huyu aliyezoea theluji alikutana na jua la Ikweta, na rangi zake zikalipuka. Ubora wake ni kwamba mandhari yake ina saa: unajua kama ni asubuhi au alasiri, unajua kama nyasi zimekauka. Upungufu wake ni ule wa mpita njia. Nchi anaiona, wajibu wa nchi haumo.

Wa pili ni Sam Ntiro wa Machame, aliyesoma Makerere kwa Margaret Trowell na kisha shule ya Slade huko London, akawa pia balozi wetu wa kwanza Uingereza. Ntiro alichora kwa kumbukumbu. Katika picha zake vilima vimejaa watu wanaolima, wanaojenga, wanaobeba. Hakuna mlima usio na mwenyewe. Picha yake ya mwaka 1956, inayoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Hapo kijiji kimekamilika. Lakini tukisema kweli, katika picha zake nyingi mwanga hautoki mahali popote. Ni mwanga wa kumbukumbu, ulio sawa kila upande. Tunachokitafuta Usambara ni kijiji cha Ntiro chini ya jua la saa fulani, na hilo halipatikani chumbani.

Hapo ndipo ufundi unapoingia, na ufundi wa nje ni mgumu kweli. Kwetu jua hupanda karibu wima. Mchoraji wa Ulaya ya Kaskazini, wakati wa kiangazi, ana jioni inayodumu saa nyingi. Wa Lushoto ana tangu saa moja hata saa tatu asubuhi, na tena tangu saa kumi jioni mpaka giza, ambalo huingia ghafula. Katikati ya nyakati hizo vivuli hujikunyata chini ya miti na mlima hupoteza umbo. Kwa hiyo ubao uwe mdogo, usiozidi urefu wa mkono toka kiwiko. Vivuli viwekwe kwanza, vyote, kwa rangi nyembamba, kisha visifukuzwe tena hata jua likihama. Kazi isipokwisha, arudi kesho saa ile ile. Constable aliandika nyuma ya picha zake za mawingu tarehe, saa na upepo. Kwa nchi yenye ukungu kama Magamba, ambako bonde laweza kufichika na kufichuka mara tatu kabla ya chai, desturi hiyo yafaa sana.

Adui mkubwa zaidi ni kijani. Kijani kitokacho moja kwa moja katika mrija hakiko popote Usambara. Mgomba una umanjano mwangani na ubuluu kivulini. Mwangati wa Shume una weusi wa kijivu. Mahindi ya Juni si ya Aprili. Yote haya huchanganywa kwa buluu, manjano ya udongo na nyekundu kidogo ya kukitia kijani adabu. Tena ubao ukipakwa kwanza rangi nyekundu ya udongo na kuachwa ukauke, kijani kitakachowekwa juu yake kitapumua, maana ndivyo ilivyo nchi yenyewe: chini ya kila jani kuna udongo mwekundu. Umbali nao hudanganya. Vitabu vyafundisha kwamba vilima vya mbali huwa buluu. Ndani ya milima, penye unyevu, ni kweli. Lakini ukigeukia nyika wakati wa kiangazi, umbali huwa mweupe wenye umanjano wa vumbi. Anayepaka buluu pande zote anachora kitabu.

Ama kuhusu mafuta, baridi na unyevu huchelewesha kukauka, na kanuni ya kuweka rangi nyembamba chini na yenye mafuta mengi juu haina budi kushikwa, la sivyo picha itapasuka itakapofikishwa kwenye joto la Tanga. Gharama ya vitambaa isiwe kisingizio. Tingatinga alitumia mbao laini na rangi za dukani kwa kuwa ndizo zilizokuwapo. Mbao za namna hiyo, zikisuguliwa na kupakwa vizuri, zinaifaa rangi ya mafuta.

Kuna faida moja ya kuchora nje ambayo vyuo haviwezi kuitoa. Mchoraji wa kondeni hawezi kujificha. Watoto humzunguka, na baada yao huja mwenye shamba, ambaye huitazama picha kimya kwa muda, kisha huuliza mbona mfereji umekaa upande ule, au mbona mteremko umelala hivyo na hali yeye huupanda kila siku na mzigo. Uhakiki huu usichukuliwe kuwa ujinga wa mtu asiyejua sanaa. Aghalabu huwa sahihi hata kwa kipimo cha ufundi, kwani kosa la kulalia kwa mteremko ndilo kosa la kwanza la waanzao. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba picha zitakazochorwa Usambara zionyeshwe kwanza huko huko, Soni, Mlalo au Bumbuli, siku ya gulio, zikiegemezwa ukutani kando ya viazi na kabichi, kabla hazijapelekwa Dar es Salaam kutafuta wanunuzi.