Kipande Kisichojua Ngeli: Uhakiki wa Utumikaji wa Mazingira ya Scratch kwa Msomaji wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki utumikaji wa Scratch, mazingira ya uprogramu wa kigrafiki yaliyobuniwa katika MIT Media Lab nchini Marekani, kwa kuyatazama kupitia sarufi ya Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba vipande vya amri vya Scratch vimejengwa juu ya sintaksia ya Kiingereza, lugha ambayo kitenzi chake huweza kusimama bila kiambishi cha kiima. Vipande hivyo vinapotafsiriwa neno kwa neno, msomaji wa Kiswahili hupata sentensi zilizovunjika. Makala yanapendekeza kanuni tatu za kuunda upya maandishi ya vipande, pamoja na mabadiliko mawili katika mazingira yenyewe.

1.0 Utangulizi

Scratch ilitolewa kwa umma mwaka 2007 na kikundi cha utafiti kilichoongozwa na Mitchel Resnick. Toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2013, na toleo la 3.0, linalotumia maktaba ya vipande ya Blockly kutoka Google, lilitoka Januari 2019. Katika mazingira haya mwanafunzi haandiki msimbo herufi kwa herufi. Huburuta vipande vya rangi kutoka katika makundi 9, akaviunganisha, navyo humwongoza mhusika aliye jukwaani: asogee, aseme neno, abadili vazi au apige sauti.

Mvuto wa mazingira haya umejengwa juu ya ahadi moja, kwamba programu isomeke. Mtoto anayejua kusoma sentensi ya lugha yake anatarajiwa aweze kusoma programu. Kwa sababu hiyo, tafsiri ya maandishi ya vipande si pambo la kiolesura. Ni sehemu ya lugha ya uprogramu yenyewe. Kiswahili kimo katika orodha ya lugha za toleo la 3.0, na jambo hilo lina uzito mahususi nchini Tanzania, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule nyingi za msingi za umma. Mwanafunzi wa darasa la tano aliyejifunza hisabati na sayansi kwa Kiswahili anastahili kukutana na kompyuta kwa lugha hiyohiyo.

Swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: je, umbo la vipande vya Scratch linaruhusu sentensi sahihi ya Kiswahili? Ieleweke tangu mwanzo kwamba makala haya hayahakiki kazi ya wafasiri, ambao wengi wao ni watu wanaojitolea. Yanahakiki umbo walilokabidhiwa walijaze. Aidha, mifano yote ya Kiswahili iliyomo humu imeundwa kwa ajili ya uchanganuzi huu.

2.0 Kiunzi cha Uhakiki

Uhakiki umeegemea mkabala wa vipimo vya kiutambuzi vya mifumo ya uwakilishi, ambao Thomas Green na Marian Petre waliutumia mwaka 1996 kutathmini mazingira ya uprogramu wa kionekano, yakiwemo LabVIEW na Prograph. Nguvu ya mkabala huu ni kwamba hautafuti mazingira yasiyo na dosari. Unamtaka mhakiki aoneshe kwamba kuboresha kipimo kimoja mara nyingi hugharimu kingine. Vipimo vitatu vimeteuliwa: ukaribu kati ya uwakilishi na jambo linalowakilishwa, ulinganifu, yaani mambo yanayofanana kuelezwa kwa namna inayofanana, na wingi wa maandishi yanayohitajika ili kueleza jambo moja.

Hata hivyo, mkabala huo haukuundwa kwa ajili ya kuchunguza tafsiri. Makala haya yanauongezea swali moja: kipande kikijazwa nafasi zake zote, je, kinabaki kuwa tungo sahihi katika lugha ya mtumiaji?

3.0 Uchanganuzi

Haki inadai kuanza na mahali ambapo Kiswahili kinanufaika. Kipande cha kusubiri, katika umbo lake la awali la Kiingereza, huonesha namba 1 ikifuatwa na nomino ya wingi, kosa ambalo kila mtoto wa lugha hiyo huliona. Kiswahili hakina tatizo hilo: “subiri sekunde 1” na “subiri sekunde 10” zote ni sahihi, kama zilivyo “sogea hatua 1” na “sogea hatua 10”. Amri sahili, kwa ujumla, hazina matatizo. Matatizo huanza pale kipande kinapoacha kuamuru na kuanza kuuliza.

3.1 Kiambishi nafsi kisicho na mwenyewe

Kipande kinachochunguza iwapo mhusika amegusa ukingo wa jukwaa, kishale cha kipanya au mhusika mwingine hakina kiima ndani yake. Kiingereza hutumia umbo la kitenzi lisilodai kiima, hivyo pengo hilo halionekani. Kitenzi arifu cha Kiswahili hakina ruhusa hiyo. Mfasiri analazimika kuchagua kiambishi, naye hajui programu ni ya nani:

(1) a. anagusa ukingo? (mhusika akiwa paka)
b. linagusa ukingo? (mhusika akiwa gari)
c. unagusa ukingo? (mhusika akiwa mpira)

Mfano (1c) una utata zaidi, kwa kuwa kiambishi u- cha ngeli ya mpira kinafanana na kiambishi cha nafsi ya pili umoja. Mwanafunzi anaweza kudhani ndiye anayeulizwa. Kiambishi chochote kitakachochaguliwa kitafaa baadhi ya wahusika na kuwakataa wengine.

Ukichunguza zaidi unagundua kwamba mazingira yenyewe hayana msimamo kuhusu nafsi. Kipande cha kupokea ujumbe, katika Kiingereza, hutumia nafsi ya kwanza: mhusika anajisemea. Kipande cha kubofywa kwa mhusika hutumia nafsi ya tatu. Kipande cha kugusa hakina nafsi kabisa. Huu ni upungufu wa ulinganifu ambao Kiingereza huuficha na Kiswahili huufichua.

3.2 Ukanushi na hali tegemezi

Scratch ina kipande cha ukanushi chenye nafasi moja ya kuingiza sharti lolote. Katika Kiingereza, neno la ukanushi huwekwa mbele ya sharti na tungo ikakubalika. Katika Kiswahili ukanushi umo ndani ya kitenzi: ninagusa hukanushwa kuwa sigusi. Kipande hakiwezi kuingia ndani ya kipande kingine na kubadili viambishi vyake. Tafsiri ya moja kwa moja huzaa tungo hii:

(2) si ⟨ninagusa ukingo⟩

Tungo (2) ina kasoro kubwa kuliko kukosa usanifu tu. Katika mazungumzo, “si” ikitangulia kitenzi cha hali ya kuyakinisha husisitiza ukweli wa jambo, kama katika “Si nimekwambia!”. Mtoto atasoma kinyume cha kile ambacho kompyuta itatekeleza.

Tatizo la aina hiyo limo katika kipande cha kurudia hadi sharti litimie. Kiswahili hudai “hadi niguse” au “hadi nitakapogusa”, ilhali nafasi hupokea kipande kilekile cha wakati uliopo, na matokeo yake ni “rudia hadi ninagusa ukingo”. Mantiki ya kompyuta inahitaji sharti moja liweze kuhamishwa popote bila kubadilika. Sarufi ya Kiswahili inahitaji kitenzi kibadilike kila kinapohamishwa. Huu ndio mgongano wa msingi.

3.3 A-unganifu na menyu

Kipande kinachosoma sifa ya mhusika mwingine kina nafasi mbili: sifa na mwenye sifa. Kati yake, Kiingereza huweka neno moja lisilobadilika. Kiswahili hutumia a-unganifu, ambayo hupatana na nomino inayoitangulia: ukubwa wa, namba ya, jina la, kiwango cha. Maktaba ya Blockly humruhusu mfasiri kubadili mpangilio wa nafasi, na huo ni uungwana unaostahili kutambuliwa. Lakini kubadili mpangilio hakutoshi iwapo neno lililo kati ya nafasi hizo linategemea chaguo litakalofanywa baadaye katika menyu. Kuweka a-unganifu ndani ya menyu pia hakutoshi, kwa sababu menyu hiyo hujumuisha vigeu vya mhusika, ambavyo mwanafunzi huvipa majina apendayo.

3.4 Ukimya wa mazingira

Wabunifu wa Scratch walidhamiria kuondoa ujumbe wa makosa. Umbo la kipande huzuia makosa ya sintaksia: sharti lenye ncha sita haliwezi kuingia mahali pa amri. Neno likijumlishwa na namba, programu haisimami. Neno huhesabiwa kuwa 0 na kazi ikaendelea. Uamuzi huu una hekima, kwani mtoto hatishwi.

Lakini ukimya huo unaegemea dhana kwamba mtoto ataweza kuisoma programu yake na kuona alipokosea. Dhana hiyo huvunjika pale tungo zenyewe zisiposomeka. Mwanafunzi aliyepewa tungo (2) hana ujumbe wa kosa wa kumwelekeza wala sentensi ya kumsaidia kufikiri. Anabaki na rangi na majaribio. Zaidi ya hayo, mazingira yanapozungumza hayazungumzi Kiswahili: namba 1 ikigawanywa kwa 0, jibu linaloonekana jukwaani ni neno la Kiingereza, hata kama kiolesura kizima kimewekwa katika lugha nyingine.

4.0 Mapendekezo

Kutokana na uchanganuzi huu, kanuni tatu zinapendekezwa kwa maandishi ya vipande.

Kwanza, masharti na matukio yote yanayomhusu mhusika mwenye programu yaandikwe katika nafsi ya kwanza: “ninagusa ukingo?”, “ninapobofywa”, “ninapopokea ujumbe”. Kiambishi ni- hakibadiliki kwa ngeli. Paka, gari na mpira wote husema “ninagusa”. Njia mbadala ni kutumia “mhusika huyu anagusa”, ambayo ni sahihi kisarufi lakini huongeza maneno mawili katika kila sharti. Nafsi ya kwanza ina faida nyingine ya kielimu. Seymour Papert, katika kitabu chake cha mwaka 1980 kiitwacho Mindstorms, alisisitiza kwamba mtoto hujifunza vyema anapoweza kujiweka mahali pa kobe wa Logo na kuwaza mwendo kwa mwili wake mwenyewe. Hapa sarufi na malezi vinakutana.

Pili, nafasi inayopokea sharti itanguliwe na kishazi kinachoweza kubeba kitenzi kisichobadilika. Badala ya tungo (2) kuwe na “si kweli kwamba ⟨ninagusa ukingo⟩”, na badala ya “hadi” peke yake kuwe na “hadi iwe kweli kwamba”.

Tatu, palipo na nafasi inayojazwa na jina lolote, itangulizwe nomino ya kudumu ili upatanisho uishie kwake. Kipande cha kitufe kinaonesha njia: katika “kitufe cha … kinapobonyezwa”, nomino kitufe hutawala upatanisho wote, jina la kitufe liwe lolote. Vivyo hivyo, “thamani ya … kwa …” huondoa tatizo lililojadiliwa katika 3.3.

Kanuni hizi zina gharama. Kanuni ya pili na ya tatu zinarefusha vipande, na maandishi marefu hubana nafasi ya kufanyia kazi. Makala haya yanashikilia kwamba gharama hiyo inafaa kulipwa: sentensi ndefu iliyo sahihi humsaidia msomaji mchanga kuliko fupi inayosema kinyume.

Kwa upande wa mazingira yenyewe, mambo mawili yanapendekezwa. La kwanza ni kwamba mfasiri aoneshwe programu kamili, vipande vikiwa vimeunganishwa na kujazwa, badala ya orodha ya tungo zilizotengana. Kasoro ya tungo (2) haionekani mtu anapotafsiri neno “si” peke yake. La pili ni kuwepo kwa alama ndogo kando ya kipande kilichopokea thamani isiyofaa, yenye maelezo katika lugha aliyoichagua mtumiaji, bila kusimamisha programu. Dhamira ya kutomtisha mtoto italindwa, na ukimya utakoma.

Liko pendekezo ambalo uhakiki huu unalikataa: kumtaka mwanafunzi ataje ngeli ya kila mhusika ili mfumo uchague kiambishi. Lingeleta upatanisho, lakini kwa kumtwisha mtoto mzigo ambao mbunifu anaweza kuubeba kwa kuchagua maneno vizuri.

5.0 Hitimisho

Uhakiki huu ni wa kimaandishi. Kanuni zilizopendekezwa zinahitaji kupimwa darasani, kwa kulinganisha usomaji wa wanafunzi wa vipande vya aina zote mbili. Hilo ni pengo linaloachwa kwa utafiti ujao. Hata hivyo, jambo moja linaweza kusemwa sasa. Mwanafunzi anayekutana na vipande visivyosomeka hana njia ya kujua kwamba tatizo limo katika umbo la kipande. Atadhani tatizo ni lugha yake, na atabadili kiolesura kuwa Kiingereza akiamini kwamba Kiswahili hakifai kwa kompyuta. Sarufi iliyochanganuliwa hapa haioneshi hivyo. Inaonesha kwamba Kiswahili kina namna zake za kuuliza, kukanusha na kumilikisha, na kwamba zinaweza kuingia katika kipande iwapo mbunifu atazizingatia kabla ya kukata sentensi.